Makombora Yapo Kidogo

Karibu, msomaji. Kaa hapo kwenye mkeka, hapa ni kwenu. Chai ipo kidogo.

Kama wewe ni mtu wa kwetu, umekwisha kuelewa kwamba chai haipo, na wala hutaikumbushia. Kama ni mgeni, utakaa ukiisubiri mpaka jua lizame, nami nitakuhurumia moyoni, lakini sitakwambia. Si uchoyo. Ni Katiba. Ibara ya kwanza inasema nchi yetu ni moja na haigawanyiki. Ibara ya pili inasema mgeni haambiwi hakuna. Hiyo ya kwanza imewahi kuvunjwa mara mbili. Ya pili haijaguswa tangu Uhuru.

Sisi wenyewe hatupati tabu. Ukienda dukani kuulizia sukari ukaambiwa ipo kidogo, unashukuru unakwenda zako. Ukifika hospitali ukaambiwa daktari yupo ila ametoka kidogo, unajua kwamba huyo bwana alihamia ng'ambo mwaka juzi na amekwisha kuoa huko. Umeme upo kidogo. Barabara zipo kidogo. Uhuru wa kusema, tumshukuru Mungu, nao upo kidogo. Tunaelewana, na siku zinakwenda.

Mimi naitwa Shaweji. Ni karani mkuu katika Wizara ya Ukarimu na Mambo ya Wageni, huu ni mwaka wangu wa ishirini na saba. Nina mwandiko mzuri. Sijisifu, nautaja kwa sababu mwandiko huo ndio uliomfunga Fundi Sufiani Mkanga wa Idara ya Maji, jirani yangu na rafiki yangu, mtu ambaye katika maisha yake hajamkosea hata kuku.

* * *

Siku moja ilifika bahasha nene kutoka Jumuiya Kuu ya Kuzuia Kuenea kwa Makombora. Hayo ni mataifa makubwa yanayokutana katika mji mmoja wenye baridi ili kuhakikisha kwamba makombora ya masafa marefu hayaenei duniani. Yao wenyewe hayahusiki. Nimeusoma mkataba wote, na jambo hilo limeelezwa vizuri sana: kinachokatazwa ni kuenea, na makombora yaliyo kwao yamekwisha kuenea, kwa hiyo hayaenei tena.

Ndani ya bahasha mlikuwa na dodoso la maswali kumi na mawili. Swali la kwanza liliuliza: "Je, nchi yako ina makombora ya masafa marefu?"

Jeshi letu lina bendi nzuri na farasi wawili, mmoja wa gwaride na mmoja wa akiba. Kitu kirefu kuliko vyote kilichowahi kurushwa angani hapa kwetu ni tiara ya mtoto wa mkuu wa mkoa, nayo ilinasa kwenye mnazi.

"Mgeni ameuliza," alisema waziri wetu, Mheshimiwa Mashavu Kinyogoli, mama mwenye sauti ya kuamsha kijiji. "Ameacha kazi zake huko kwenye baridi, akatukumbuka sisi. Shaweji, tumjibu nini mtu huyu?"

Nilichovya kalamu nikaandika: *Yapo kidogo.*

Waziri alisoma, akavua miwani, akaifuta. "Mtu aliyelelewa huonekana," akasema, na makarani wengine wakanipigia makofi.

Kuanzia swali la pili hadi la sita tulijibu "Tunashukuru sana". Swali la saba likatukwamisha. Lilitaka jina la mtaalamu mkuu wa makombora, na chini yake kulikuwa na mstari mtupu. Kumrudishia mgeni mstari mtupu ni sawa na kumrudishia sahani aliyokuletea chakula bila kutia chochote ndani.

"Nani nchini ana kitu chochote kirefu cha chuma?" aliuliza waziri.

Mmoja alitaja nguzo ya bendera ya Ikulu, lakini hiyo ni ya mti. Ndipo nikasema, na ni mimi niliyesema, hakuna aliyenivuta ulimi, kwamba jirani yangu Sufiani ana bomba la kisima la mita tisa. Limesimama uani kwake tangu pampu ilipokosekana. Wallahi nilidhani namfanyia hisani. Mtu wa Idara ya Maji kutajwa mbele ya wakubwa wa dunia si jambo dogo.

Jioni nikampelekea habari.

"Mtaalamu Mkuu?" alisema Sufiani huku akifuta grisi mikononi. "Wa nini?"

"Wa mambo ya mabomba, ndugu yangu."

"Hatimaye wameniona!" akasema. Akachinja jogoo, tukala wote wawili, nami nikapewa paja.

* * *

Sufiani ni mjane. Ana binti mmoja tu, Mwantumu, aliyeolewa ng'ambo ya mto, katika nchi jirani. Jogoo yule hata mifupa yake haijakauka vizuri, ikaja habari kwamba Mwantumu amejifungua mtoto wa kiume.

Huenda kwenu hamna mila hii, kwa hiyo nieleze. Kwetu mzazi na mtoto wake wa kwanza hukaa ndani siku arobaini. Mtoto halioni jua, wala jua halimwoni. Siku ya arobaini, adhuhuri, baba mzazi wa mama huja, humpokea mtoto mlangoni, huvuka naye kizingiti, humwinua juu na kumwita jina lake kwa sauti mara tatu. Mtoto aliyetolewa na babu huhesabiwa kuwa na watu. Mkewe Sufiani alipokuwa anaaga dunia, Mwantumu akiwa msichana wa miaka kumi, aliacha neno moja: "Mjukuu wangu umtoe wewe." Nilikuwapo. Nilimwona Sufiani akiitikia kwa kichwa.

Siku ya tisa alipiga pasi koti lake la harusi, akafunga kanga mbili na chupa ya asali, nami nikamsindikiza hadi darajani.

"Shikamoo mzee," alisema askari wa mpaka.

"Marahaba, baba. Navuka kwenda kumtoa mjukuu. Nataka niwahi, nikamsaidie mama yake siku hizi zilizobaki."

"Hongera sana, mzee wangu." Askari alifungua orodha, akateremka kwa kidole, kidole kikasimama. "Mbona hapa jina lako limepigwa mstari mwekundu?"

Akatusomea. Mtaalamu wa makombora haruhusiwi kuvuka mpaka wowote, kwa kuwa elimu iliyomo kichwani mwake inaweza kuenea.

"Kichwani mwangu mna visima," alisema Sufiani. "Visima kumi na saba, na vitatu kati ya hivyo vina maji."

"Nakuamini kabisa. Ila kichwa hakifunguki tukatazama."

"Sasa nifanyeje?"

Askari alisoma tena ule ukurasa kwa makini. Alikuwa kijana mwema, naye alitafuta nafasi kweli kweli. "Kiwiliwili hakijakatazwa," alisema mwishowe. "Kinachozuiliwa ni kichwa tu."

Sufiani alimtazama. Nadhani kwa kitambo alilifikiria jambo hilo.

"Kwa hiyo, mwanangu, ruhusa..."

"Ruhusa ipo, mzee wangu," alisema askari kwa upole, akishusha kile kizuizi cha barabarani. "Ipo kidogo."

Tulirudi kwa miguu. Njiani Sufiani alisimama mara moja tu, kunikumbusha kwamba bado siku thelathini na moja, na siku thelathini na moja ni nyingi.

* * *

Wakaguzi wa Jumuiya walikuja siku ya kumi na nne ya mtoto. Tangu hapo mimi na Sufiani tulikuwa tunahesabu tarehe kwa mtoto huyo. Mkuu wao aliitwa Bwana Ostrand, mtu mrefu, mkimya, asiyekula pilipili. Kiswahili alijifunza kitabuni, akakijua vizuri kuliko wengi wetu. Tena alikuja na kijitabu kinachoitwa *Mwongozo wa Mgeni*, ambacho wizara yetu humpa kila anayetutembelea. Nilifurahi kukiona mkononi mwake, maana nilikiandika mimi.

Bendi ilipiga. Waziri alihutubia saa moja na nusu kuhusu ukarimu wa mababu zetu, akataja kila babu. Kisha Bwana Ostrand akasimama, akashukuru, akauliza: "Kombora liko wapi?"

"Lipo, Mheshimiwa," alijibu waziri bila kupepesa macho. "Limetoka kidogo."

Bwana Ostrand aliacha kuandika. "Limetoka?"

"Kidogo tu. Halina muda mrefu."

"Limekwenda wapi?"

"Hapa hapa jirani."

"Litarudi?"

"Sasa hivi! Keti, baba. Chai ipo."

Bwana Ostrand aliinua uso taratibu akatazama angani. Wenzake saba nao wakatazama angani. Bendi ilipoona wageni wote wamesimama wima na kutazama juu, ikadhani ni heshima, ikapiga wimbo wa taifa. Sisi tukasimama pia.

Nilisoma baadaye gazetini yaliyotokea duniani kwa zile dakika za wimbo wetu. Mji wa baridi ulilia ving'ora. Mitambo ya kutazama anga iligeuzwa kutoka pembe tatu za dunia. Nchi jirani ilizima taa, ikawaingiza watu wake chini ya vitanda kwa siku mbili; miongoni mwao Mwantumu na mtoto wa siku kumi na nne, wakinisubiri mimi, au tuseme wakisubiri kile nilichokiandika. Kombora lilipokosa kurudi baada ya siku mbili, wataalamu wa Jumuiya walitoa taarifa ya kurasa sitini. Walisema nchi yetu ina kombora la aina mpya, ambalo likitoka hukaa huko huko mpaka litakapoitwa. Walilipa jina la Kombora la Subira. Mheshimiwa Rais alifurahi sana kusikia tumevumbua kitu.

Kisha wakaenda uani kwa Sufiani. Kuku walikuwa wanapumzika kivulini, kwenye kivuli chembamba cha lile bomba.

"Bwana," alisema Sufiani, "hili ni bomba la kisima. Nilipaswa kulitia ardhini nikapate maji. Pampu haikuja."

"Kwa nini linatazama juu?"

"Nikililaza kuku wanaingia ndani, wanataga, siwezi kuyatoa mayai."

Bwana Ostrand aliandika maneno hayo yote, la kuku na la mayai, akayapigia mstari. Siku ile ile uzio wa seng'enge ulizungushwa nyumba ya Sufiani, na askari wakawekwa pembe nne. Wizara yangu haikukaa nyuma. Tulitundika kibao getini chenye maandishi makubwa ya kijani: KARIBUNI.

* * *

Sitaki udhani kwamba Jumuiya ni watu wabaya. Walimpa Sufiani njia ya kutoka, tena kwa maandishi. Kombora likiharibiwa mbele ya wakaguzi, mtaalamu atafutwa kwenye orodha na atavuka mpaka anavyotaka, kichwa na kiwiliwili.

"Leteni msumeno," alisema Sufiani nilipomsomea. "Nalikata sasa hivi, kabla uji haujapoa."

Msumeno uliletwa. Bwana Ostrand aligonga bomba kwa kifundo cha kidole mara tatu, akasikiliza. "Simameni," akasema. "Hili ni bomba la kisima."

"Ndivyo nilivyokwambia!"

"Ndiyo. Na sasa mnataka tushuhudie mkikata bomba la kisima, huku kombora lenyewe mmelificha. Mimi si mtoto, Fundi Mkanga."

Siku ya ishirini Sufiani aliniita kwenye uzio. Macho yake yalikuwa mekundu. "Shaweji," alisema, "kama kuharibu kunahitaji kombora, nami nimeitwa mtaalamu, basi nitaunda moja. Dogo. La kuharibia tu."

Wizara ililipokea wazo hilo kwa shangwe. Waziri alilitaja bungeni kuwa mfano wa kujitegemea. Sufiani aliandika mahitaji yake: mabati mazito, betri mbili, na ile pampu yake ya siku zote, maana ndiyo mashine pekee aliyoifahamu. Tukaagiza. Jibu likaja kwamba mabati mazito, betri na pampu vimo kwenye orodha ya vitu visivyouzwa kwa nchi yenye makombora. Ili vitoke kwenye orodha hiyo, sharti kwanza kombora liharibiwe.

Niliisoma barua ile kuanzia juu, nikaisoma kuanzia chini. Nimekaa na karatasi za serikali miaka ishirini na saba na sijawahi kukosa pa kupenya. Pale nilikosa. Nilikaa ofisini nikiwa na hofu ambayo sikuwa nimeizoea, kama mtu aliyejifungia chooni na komeo limevunjika.

* * *

"Wewe ndiye uliyeandika," Sufiani aliniambia siku ya ishirini na saba. Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. "Maneno mawili, Shaweji. Si uandike mengine mawili?"

Nikarudi ofisini, nikafunga mlango, nikaandika barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. *Makombora hayapo.* Herufi zilipinda. Nikaipeleka kwa waziri.

Mheshimiwa Mashavu aliisoma akiwa amekaa. Kisha akasimama ili aisome tena.

"Shaweji," alisema, "mama yako yu hai?"

"Alifariki, Mheshimiwa."

"Alhamdulillahi. Hataiona karatasi hii." Akaanza kutembea chumbani. "Unataka Taifa zima lisimame mbele ya wageni na kusema hatuna? Leo hatuna makombora. Kesho wataulizia shule, tuseme hatuna? Kesho kutwa wataulizia dawa? Ukifungua mdomo kwa neno hilo, baba, utaufunga lini? Wewe unafikiri nchi hii imesimama juu ya nini?"

Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Nilitazama chini, zulia lilikuwapo kidogo.

"Lakini mimi ni mama," akaendelea kwa sauti ya chini, "na yule mzee namhurumia. Ilainishe."

Tuliilainisha pamoja hadi alasiri. Barua iliyopelekwa kwa Jumuiya ilisema: *Makombora yetu yamepungua kidogo.*

Jibu lilirudi kabla ya siku mbili kwisha. Jumuiya ilitaka kujua yamepungua kwa njia gani, na kama yameuzwa, yameuzwa kwa nani. Kwa kuwa sasa yalikuwa dhahiri yanaenea, walituongezea wakaguzi kumi na wawili na uzio wa pili. Sufiani alinyang'anywa simu, kwa sababu elimu huweza kuenea kwa mdomo. Mwantumu akawa anapiga kwangu.

"Shikamoo, baba mdogo. Baba hajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Hajambo kabisa."

"Koti amelipiga pasi?"

"Kila siku analipiga."

Hilo lilikuwa kweli. Katika yote niliyomwambia binti yule, hilo la koti lilikuwa kweli.

* * *

Siku ya thelathini na tisa Bwana Ostrand alikuja kufanya mahojiano ya mwisho. Meza iliwekwa uani, kati ya uzio na bomba. Waziri alikuwapo, mkuu wa majeshi alikuwapo pamoja na farasi wa gwaride, nami nilikaa pembeni nikiandika kumbukumbu.

"Fundi Mkanga," alisema Bwana Ostrand. "Nakuuliza mara moja tu. Kuna kombora?"

Sufiani alikuwa amevaa koti. Alimtazama waziri, akanitazama mimi, akalitazama bomba lake. Nikaona midomo yake inakusanyika kwa jambo nisilowahi kuliona kwa mtu mzima wa nchi hii.

"Hakuna," alisema.

Kikombe cha mkuu wa majeshi kilianguka. Askari mmoja aligeuka upande wa pili kwa aibu, kama aliyemkuta mzee akioga. Sufiani hakusimama hapo.

"Hakuna kombora. Halijatoka, wala halitarudi, wala halijapungua. Hakuna, halikuwapo. Hili ni bomba, mimi ni mchimba visima, na kesho adhuhuri mjukuu wangu anatolewa. Bwana, hakuna!"

Alikuwa analia. Nami moyo wangu, sitaficha, uliruka kwa furaha. Niliona mlango umefunguka. Nilimwona Sufiani keshafika darajani.

Bwana Ostrand hakukasirika. Alitoa mfukoni *Mwongozo wa Mgeni*, akafungua ukurasa wa nne, akausoma kwa sauti ili kumbukumbu ziwe kamili.

"'Mgeni mpendwa. Katika nchi hii hutasikia kamwe neno *hakuna*. Ukilisikia kutoka kwa yeyote, tambua kwamba mtu huyo ana jambo kubwa analolificha, na utoe taarifa.'" Akafunga kijitabu. "Siku ishirini na tano kila mtu hapa ameniambia lipo. Mmoja tu amesema hakuna, naye ndiye mtaalamu mkuu."

Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri pia.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba ukurasa wa nne ni wangu, kwamba niliutunga siku moja ya mvua baada ya chakula cha mchana, kwa sababu chapa ilikuwa imebakiza nafasi chini na sikutaka mgeni aone mahali patupu. Waziri alinitazama. Wageni wote ishirini walinitazama. Bwana Ostrand aliniuliza kwa adabu kama nina la kuongeza.

"Lipo," nilisema. "Ila kidogo."

Akasubiri. Nami nikasubiri. Kisha nikainama nikaendelea kuandika kumbukumbu.

* * *

Siku ya arobaini nilikwenda kwenye uzio kabla ya adhuhuri. Uzio wa tatu ulikuwa umekwisha kuanza kuchimbiwa nguzo. Sufiani alikuwa amesimama upande wa ndani, kanyoa ndevu, kavaa lile koti, kashika kanga mbili na chupa ya asali. Sijui alikuwa anatazamia nini. Labda na yeye hakujua.

Simu yangu ikalia. Askari alinyanyua kidole kunikumbusha sheria: mimi niongee, mtaalamu arudi hatua tatu. Sufiani akarudi hatua tatu.

"Shikamoo, baba mdogo." Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake, na vyombo.

"Marahaba, mwanangu."

"Mtoto tumemwogesha. Kavaa nguo nyeupe. Watu wamejaa uani, mashemeji wote wamekuja. Nimekaa naye hapa nyuma ya mlango. Jua limefika kichwani, baba mdogo. Wenyeji wa huku wananiuliza, nami sijui niwaambie nini. Niambie wewe. Baba anakuja?"

Sufiani alikuwa ananitazama usoni.

"Yuko njiani," nilisema.

"Baba mdogo. Nimekaa humu ndani siku arobaini. Nakuuliza kama baba yangu. Matumaini yapo?"

Nilikuwa na nafasi yangu, msomaji. Hapakuwa na waziri pale, wala Bwana Ostrand, wala mgeni yeyote. Alikuwa ni mtoto wa jirani yangu, niliyempakata akiwa na meno mawili. Nililitafuta lile neno mdomoni mwangu, na naapa kwamba halikuwamo.

"Yapo," nikasema. "Yapo kidogo."

Ng'ambo ya mto wanasema hakuna kila siku bila kuona haya, lakini Mwantumu si wa huko. Amezaliwa hapa, na alielewa kama tunavyoelewa sote.

"Nimekusikia, baba mdogo," alisema. "Ahsante."

Hakukata simu. Nadhani aliiweka sakafuni ili apate mikono miwili. Nikasikia komeo likivutwa, na mlango mzito ukisuguana na sakafu. Vigelegele vilianza, vikasita, kwa sababu aliyetoka na mtoto hakuwa yule waliyemtarajia. Kisha nikamsikia Mwantumu akiita jina mara tatu, kwa sauti ya kupasuka, na mtoto akapiga chafya, nadhani kwa ajili ya jua. Jina lilikuwa Sufiani.

Nikaizima simu.

"Anasemaje?" aliuliza Sufiani kutoka hatua zake tatu.

Nilimtazama. Koti lilikuwa limenyooka, hata mkunjo mmoja haukuwapo.

"Wanakusubiri," nikamwambia.

"Ahsante, ndugu yangu," alisema Sufiani.

Akaziweka chini kanga na chupa ya asali, akavua koti taratibu, akalitundika kwenye bomba.